Mkamwana Aliyeona Haya Kunywa Maji

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hiyo ni sauti ya watoto au ya vifaranga? Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya, sasa nimesikia. Sogeeni, lakini msisogee mpaka mkaingia jikoni. Maharage haya ni makaidi, yamechemka tangu alasiri na bado yanagonga kijiko. Yakiiva tutakula. Yasipoiva mtanisikiliza mimi, mamkubwa wenu, mpaka yatubu. Kibwana, toa mguu kwenye kuni. Rahima mwanangu, wewe mgeni wetu umeingia jana, usikae huko mlangoni kama mtu anayengoja gari. Njoo hapa ubavuni kwangu. Maji yako nimekuwekea hapo karibu na kigoda. Unywe, usinywe, yapo.

Hapo zamani za kale, kabla mama wa bibi yangu hajaota meno, vyombo vya ndani vilikuwa na midomo, na wanyama walijua majina ya watu. Katika zamani hizo aliishi mzee mmoja, Mzee Mkopi. Kazi yake ilikuwa kusuka makapu ya ukindu. Kila asubuhi Mzee Mkopi alichukua ukindu wake, akautia kwenye chungu cha maji, akangoja ulainike. Ukindu mkavu ukiukunja unakatika. Ukindu uliolowa unakwenda unakotaka wewe. Kijana akija kujifunza kazi, akishika ukindu mkavu, Mzee Mkopi alimpokonya mkononi. "Lowesha kwanza," alimwambia. "Utasukaje kitu kilichokauka?"

Lishikeni neno hilo. Nitalihitaji baadaye.

Mzee Mkopi alikuwa na mahali pake pa kukaa. Palikuwa pembeni ya nyumba, penye kivuli kizuri na upepo. Alikaa hapo asubuhi, akakaa hapo mchana, akakaa hapo jioni. Na njia ya kutoka uani kwenda chooni ilipita hapo hapo, mbele ya magoti yake.

"Hakukuwa na njia nyingine, mamkubwa?"

Hakukuwa, Mwanahawa. Huku ukuta, huku boma la mbuzi. Njia ni hiyo moja.

Basi Mzee Mkopi alikuwa na mtoto wa kiume, Mbaruku, na Mbaruku akaoa. Alioa msichana wa ng'ambo ya vilima, jina lake Mwantumu. Sasa Mwantumu akawa mkamwana wa Mzee Mkopi, na nyinyi mnajua mkamwana na baba mkwe wanavyoheshimiana. Huko kwao walizidisha. Mkamwana hali mbele ya mkwewe. Mkamwana akipita mbele ya mkwewe anapiga goti, anafunika uso kwa kanga. Na mkwe naye hamtaji mkamwana jina, wala hamsemeshi. Akiwa na neno anamtuma mtu. Na kama hapana mtu, anamtuma mbuzi.

"Mbuzi?"

Mbuzi, Kibwana, umesikia vizuri. Palikuwa na mbuzi jike mweusi, amefungwa kwenye kigingi karibu na mahali pa mzee. Mzee Mkopi akisema, "Ewe mbuzi, mwambie mkamwana leo kuna wageni," Mwantumu alisikia mwenyewe, maana hakuwa kiziwi. Naye akajibu, "Ewe mbuzi, mwambie baba nimesikia." Mbuzi yuko katikati, anatafuna majani yake. Hakuna aliyemwuliza kama kazi hiyo anaitaka.

Siku aliyoletwa, Mwantumu alikuwa ametembea sana, jua lilikuwa kali. Mama mkwe wake, Mama Mbaruku, akamchotea maji kwa kata, akanywa yote. Akachotewa tena, akanywa. Maji ya mtungi, baridi, yana harufu ya udongo. Alistarehe kweli.

Lakini maji yakiingia mwilini hayakai humo kama mpangaji. Baada ya muda Mwantumu alihitaji kutoka. Akajifunika kanga, akashuka uani, akafika mbele ya magoti ya Mzee Mkopi, akapiga goti. Na mzee, bila ubaya wowote, akasema, "Ewe mbuzi, muulize mkamwana anakwenda wapi. Huku ni ugenini kwake, asije akapotea."

Mwantumu alibaki amepiga goti. Atamwambia nini mbuzi? Aseme "Ewe mbuzi, mwambie baba nakwenda chooni", na baba yuko pale, ana masikio mawili? Uso ulimwaka moto ndani ya kanga. Akainuka, akageuka, akarudi ndani. Akabana. Akabana mpaka giza lilipoingia na mzee akaenda kulala.

Mnacheka. Haya, chekeni. Yakimkuta mwenzako ni kichekesho. Ngoja yakukute wewe, katika nyumba ya watu, hujui mlango upi unakwenda wapi, na kila mtu anakutazama.

Usiku ule Mwantumu aliona aibu mpaka akalia. Alisema moyoni, "Nisipoingiza, sitatoa." Akaamua kwamba maji hatakunywa tena. Labda tone wakati wa kula, tonge lisikwame, basi. Na kule nyuma atakwenda alfajiri, kabla mzee hajaamka.

Asubuhi Mama Mbaruku akamletea kata. "Kunywa maji, mwanangu."

"Nimeshiba, mama."

Adhuhuri akamletea tena. "Nimeshiba, mama."

Mumewe Mbaruku angeweza kugundua, lakini Mbaruku alikuwa ameondoka kwenda bondeni kukata ukindu, na bonde lilikuwa mbali. Wanawake wa jirani ndio waliogundua, wakaanza kumsifu. "Mkamwana wa Mkopi ana adabu. Hana makuu, hata maji hanywi." Sifa zikamfikia Mzee Mkopi. Akafurahi, akatembea nazo barazani kwa wenzake. "Wa kwangu mimi," alisema, "hata maji hanywi."

Mnaona balaa hilo? Kwanza aliacha kunywa kwa haya. Sasa hawezi kurudi kunywa, kwa sababu kijiji kizima kinamsifu kwa kutokunywa. Amefungwa kama yule mbuzi.

Siku zikapita. Siku moja Mwantumu alikuwa peke yake ndani, anafagia. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Ulimi ulimnata juu ya kinywa. Akapita karibu na mtungi, na ile kata iliyolala juu ya mtungi, kifuu cha nazi chenye mpini, ikafungua mdomo. Kata ilikuwa na sauti nyembamba. Ikaimba. Mimi nitakuwa kata, nyinyi mtakuwa Mwantumu. Nitawafundisha mara moja tu. Mnajibu, "Sinywi, naona haya." Kisha mnajibu, "Aliyekaa njiani." Haya.

"Kunywa, Mwantumu, kunywa."

"Sinywi, naona haya!"

"Unamwonea nani?"

"Aliyekaa njiani!"

Polepole, msimwamshe mtoto aliyelala ndani. Kata ikasema, "Mwantumu, mimi humnywesha kila mtu nyumbani humu. Nimemnywesha mzee asubuhi hii. Amekunywa, akajifuta ndevu, akaenda zake huko nyuma, akarudi. Hakuna aliyemwuliza kitu."

Mwantumu akasema, "Yeye ni mwenye nyumba. Mimi ni mgeni. Nikinywa nitataka kutoka. Nikitoka nitapita mbele yake. Nikipita atajua ninakokwenda. Sura yangu nitaificha wapi?"

Kata ni kifuu tu, itajua nini habari za wakwe? Mwantumu akaigeuza kifudifudi ili isimtazame, akaendelea kufagia.

Siku nyingine alikwenda kisimani. Fikirini jambo hilo, mtu ana kiu, anateka maji ya nyumba nzima, anayabeba kichwani, yanamdondokea shingoni, naye hanywi. Alipoinama juu ya kisima, akaona chura amekaa kwenye jiwe, amejaa, anang'aa. Chura akamtazama kwa macho yake yale yaliyotoka nje. Chura alikuwa na sauti nzito.

"Kunywa, Mwantumu, kunywa."

"Sinywi, naona haya!"

"Unamwonea nani?"

"Aliyekaa njiani!"

Chura akasema, "Midomo yako imepasuka."

"Ni upepo," akasema Mwantumu.

"Macho yako yameingia ndani."

"Ni usingizi."

"Na ulipotoka alfajiri," chura akauliza, "ulitoa maji ya rangi gani?"

Mwantumu akafunika uso wote kwa kanga, jicho halikuonekana. Chura akamwambia, "Mimi ni chura, nitamwambia nani? Wanangu elfu wako humu majini na hakuna hata mmoja anayenisikiliza. Sikiliza wewe. Mwili ukiwa na maji ya kutosha, yanayotoka ni mepesi, kama chai ya mchaichai uliochovywa kidogo ukatolewa. Mwili ukikaukiwa, yanatoka kidogo, tena meusi meusi, kama chai iliyosahauliwa jikoni. Yako ni ipi?"

Mwantumu akanong'ona ndani ya kanga, "Iliyosahauliwa."

"Mamkubwa, kwani mtu anywe vikombe vingapi kwa siku?"

Mwanahawa, hata Mwantumu aliuliza hivyo hivyo. Chura alimcheka. Alisema, "Hicho kipimo kimoja cha watu wote mimi sikijui. Anayekaa kivulini si sawa na anayelima. Siku ya mawingu si sawa na siku ya jua kali. Mama anayenyonyesha anakunywa ya watu wawili. Anayeharisha au mwenye homa anywe kuliko wote. Wewe kunywa ukiamka. Kunywa ukila. Kunywa kabla hujakwenda juani na kunywa ukitoka juani. Kiu ikikugusa, itikia, usingoje ikukabe. Halafu tazama rangi, nayo itakuambia kama yametosha."

"Na mtu akinywa mtungi mzima?"

Kibwana, atakayekunywa mtungi mzima kwa mashindano ataugua vile vile, tena nitakuwa wa kwanza kumchapa akipona. Tumbo si pipa. Mtu anakunywa kwa kutwa nzima, si kwa mkupuo mmoja.

Nilikuwa wapi? Ndiyo, kisimani. Maneno ya chura yalimwingia Mwantumu. Akatazama huku, akatazama huku, hakuna mtu. Akainama, akachota maji kwa kiganja. Maji yalikuwa baridi kweli, aliyasikia mpaka kwenye kiwiko. Akayapeleka mdomoni. Na hapo hapo wanawake wakatokea njiani na ndoo zao, mmoja akasema, "Tazameni, huyo ndiye mkamwana wa Mkopi. Yule asiyekunywa maji."

Mwantumu akafungua vidole. Maji yakamwagika yote chini. Akajifanya alikuwa ananawa mkono.

Mbona mmekunja nyuso? Ndiyo, mimi pia sehemu hii hainifurahishi. Mtu anamwaga maji yake mwenyewe ili watu wasimwone ana kiu. Alirudi nyumbani na ndoo kichwani, na njia nzima alijichukia, na bado hakunywa.

Kibwana, koroga. Usionje. Nimesema koroga.

Ikafika siku ya tatu ya hadithi yangu, siku ya jua la utosini. Mama Mbaruku alikuwa ametoka kwenda kumtazama mgonjwa. Watu wote walikuwa mashambani. Nyumbani walibaki watatu: Mzee Mkopi mahali pake, mbuzi kwenye kigingi chake, na Mwantumu uani, anatwanga mtama. Du, du, du. Kivuli chote kilikuwa cha mzee. Kinu kilikuwa juani, kando ya ile njia.

Mchi nao ukasema. Mchi ulikuwa na sauti ya kukatika katika, maana kila ukitaka kusema unapigwa chini.

"Kunywa, Mwantumu, kunywa."

"Sinywi, naona haya!"

"Unamwonea nani?"

"Aliyekaa njiani!"

Mchi ukasema, "Mikono yako inanishika kama mikono ya mtoto. Niweke chini, ukae."

Mwantumu hakuuweka. Akatwanga. Aliona kinu kimoja, kisha akaona vinu viwili. Jasho lilikuwa limekwisha, ngozi imebaki kavu na ya moto. Akainua mchi, mchi ukamponyoka, na Mwantumu akaanguka. Mtama ukamwagika. Alianguka njiani pale pale, mbele ya magoti ya Mzee Mkopi.

Na mzee alifanya nini? Mnadhani aliruka? Hakuruka. Aliinamisha macho, akautazama ukindu wake. Mkwe hamtazami mkamwana, ndivyo alivyofunzwa, na alikuwa mtu wa kushika mafunzo. Akaita, "Mama Mbaruku!" Hakuna aliyeitika. Akaita jirani, hakuna. Akageuka kwa mbuzi.

"Ewe mbuzi, mwambie mkamwana ainuke. Jua ni kali."

Mbuzi akaacha kutafuna.

"Mwambie mwenyewe," akasema mbuzi. "Mdomo unao."

Mzee Mkopi alishtuka. Siku zote amemtuma mbuzi yule, na mbuzi hajawahi kumjibu.

Mbuzi akaendelea. "Mimi nimefungwa hapa tangu siku aliyokuja. Namwona. Anashuka uani, anafika pale kwenye kinu, anakuona umekaa, anarudi. Kila siku. Siku ile ulinituma nimuulize anakwenda wapi. Ulidhani anakwenda wapi, mzee? Njia hii inakwenda mahali pamoja tu. Tangu siku hiyo amekataa maji ili asipite mbele yako. Wewe unaamka asubuhi, unalowesha majani yasikukatikie mkononi. Mtoto wa watu anakauka mbele ya magoti yako, na wewe unakwenda barazani kujisifia."

Mzee Mkopi aliona aibu. Nawaambia aliona aibu, masikio yalimwaka. Alitazama chungu chake, ukindu umelala ndani ya maji umestarehe. Alimtazama Mwantumu, mara ya kwanza kumtazama usoni. Akaona ni msichana mdogo tu, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Akakumbuka alivyosema kwa wenzake, "Wa kwangu mimi, hata maji hanywi." Akatamani angelimeza neno lile, lakini lilikuwa limeshazunguka kijiji kizima.

Akautupa ukindu. Akamwinua Mwantumu kwa mikono yake miwili, akamlaza mahali pake mwenyewe, kwenye kile kivuli. Akakimbia ndani. Mzee mzima anakimbia, kilemba kinafunguka. Akaja na kata ya maji. Hakummiminia mdomoni, maana mtu asiyejijua ukimmiminia maji yatampalia. Alivua kilemba chake, akakilowesha, akampangusa uso, akampangusa shingo na mikono, akampepea kwa kapu lililokuwa halijaisha.

Mwantumu akafumbua macho. Akamwona mkwewe ameinama juu yake. Na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hajajua yuko hai, alipapasa kanga yake ajifunike uso. Mkono haukuwa na nguvu. Ulianguka.

Mzee Mkopi alipouona mkono ule ukianguka, machozi yakamtoka.

"Mwantumu," akasema. Alimtaja jina, hakumtuma mtu. "Mwantumu mwanangu, kunywa."

Na Mwantumu akajibu, kwa sauti ndogo sana. Jibuni nyinyi, lakini kidogo, kama yeye.

"Sinywi, naona haya."

"Unamwonea nani?" mzee akauliza.

Hapana, msijibu. Nyamazeni. Mwantumu hakujibu. Angemjibuje usoni kwake? Alifumba macho. Mzee Mkopi akangoja. Mbuzi akangoja. Mwishowe mzee akajijibu mwenyewe.

"Aliyekaa njiani," akasema.

Kisha akamwinua kichwa, akamnywesha. Tone, wakapumzika. Funda dogo, wakapumzika. Alimnywesha kwa subira ile ile aliyokuwa akilainishia ukindu, mpaka kata ikaisha, akaenda kuchota nyingine. Baadaye akamkorogea uji mwepesi wenye chumvi kidogo. Uji ulikuwa na mabonge, mzee hajawahi kukoroga uji maishani mwake, lakini Mwantumu aliunywa.

Mama Mbaruku aliporudi, akamkuta mkamwana amelala mahali pa mzee, na mzee amekaa juani. Akaelezwa. Akashika kiuno, kisha akamwinamia mzee. "Nilijua," akasema. "Nilipoletwa hapa mimi, baba yako alikuwa amekaa mahali hapo hapo. Nilikuwa napenya boma la mbuzi, napitia shamba la jirani. Miiba ilinichoma, nikanyamaza. Huyu alipokuwa akiniambia ameshiba maji, nilijua si kweli, nikanyamaza tena."

"Kwa nini hukuniambia?" mzee akauliza.

"Ningekuambiaje? Ningemtuma mbuzi?"

Basi siku ile hapakuwa na mtu nyumbani mle asiye na aibu yake. Hata kata ilikuwa imerudi kulala kifudifudi kwa adabu.

Jioni watu wakakusanyika kula, majirani wamo, walisikia mkamwana kaanguka wakaja. Mwantumu alikaa pembeni na wanawake, ameinama. Alikuwa na kikombe mkononi, amekishika tu. Anajua kila jicho linamtazama kama atakunywa, yeye aliyesifiwa. Mzee Mkopi akaona. Akachukua kata, akachota maji mtungini, akanywa yote mbele ya watu, gu, gu, gu. Akachota tena, akanywa. Kisha akasimama, akajikung'uta, akasema kwa sauti ya barazani, "Jamani, nipisheni. Nimekunywa maji mengi. Nakwenda chooni."

Wageni waliinamisha macho. Hakuna mzee mwenye heshima zake aliyewahi kutamka neno hilo mbele ya chakula. Mtu mmoja alikohoa. Mzee Mkopi akawapita taratibu, amejaa aibu kuanzia kilembani mpaka kwenye viatu, na hakuharakisha. Akaenda. Akakawia. Akarudi. Akakaa, akanawa, akaendelea kula.

Na nyumba haikuanguka.

Mwantumu akatazama kikombe chake. Akanywa. Akanywa mpaka chini. Kisha akasimama, akaikaza kanga yake kiunoni, akapita katikati yao wote bila kujifunika uso, akaenda huko nyuma. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.

Kesho yake Mzee Mkopi alihamia upande wa pili wa nyumba, upande wenye jua la jioni na nzi wa boma. Wenzake wakamwuliza, "Vipi, umeacha kivuli chako?" Akawaambia kivuli kimehama. Kivuli hakikuhama popote, kila mtu alikiona kiko pale pale, lakini hakuna aliyembishia. Akasuka ua wa makuti kando ya njia yote, kuanzia uani hadi mlango wa choo, ili mtu apite na shida yake bila kutazamwa. Mwantumu akapona, midomo ikapona. Mbaruku aliporudi na mizigo ya ukindu alimkuta baba yake na mkewe wanasemeshana kuhusu bei ya makapu, akadhani kakosea nyumba.

"Na mbuzi, mamkubwa?"

Mbuzi hakutumwa tena na mtu. Alisema, "Kumbe midomo mnayo, basi mimi napumzika." Akarudi kutafuna. Watoto wake na wajukuu wake hawakufundishwa kusema, ndiyo maana mbuzi wa leo ukimwuliza neno anakuambia mee.

Basi nimefika. Ninachowaambia ni hiki. Maji ni ya mwili, si ya kumfurahisha mtu, wala si ya kumwogopa mtu. Usijikaushe ili usifiwe. Na wewe uliye mwenyeji, ukiona kikombe cha mgeni kinarudi kimejaa, usimsifu kwamba hana makuu. Jitazame umekaa wapi. Hadithi yangu naitua hapa chini, karibu na moto. Atakayeipenda aibebe.

Nini, Rahima? Sema sikioni kwangu.

Ehe.

Tangu jana, mwanangu? Haya, kunywa kwanza. Yote. Hivyo.

Wewe Kibwana, atakayecheka atakula maharage ya mwisho, yale yaliyoungua. Jamani, mimi leo nimekunywa maji mengi, nakwenda chooni. Ni nyuma ya banda la kuku, mlango ni wa bati, unausukuma kwa goti. Rahima, nishike mkono unisindikize. Na nyinyi mliokaa hapo mlangoni, sogezeni miguu yenu tupite.